Datsun 240Z: krosi za shafti za nyuma zinagonga, kazi inafanywaje bila presi?

Mikindani_Z
Wakuu, heshima mbele. Gari ni Datsun 240Z ya 1972, iko Mtwara mjini. Nikiachia klachi kuondoka, nyuma inagonga "ngo!" mara moja. Nikiwa mwendo mdogo kuna mlio wa "kwi kwi kwi" unaofuata mzunguko wa tairi. Fundi anasema krosi (viungo vya umbo la msalaba vinavyoruhusu shafti kupinda ikizunguka) zimeisha na anataka kuzigonga kwa nyundo zitoke, aweke za pikapu. Nitahakikishaje kuwa ni krosi kweli? Na presi (mashine ya kusukuma vyuma kwa nguvu) hapa hatuna.

Spana Bovu
Huo mlio wa "kwi kwi" ni krosi kavu, hakuna ubishi. Ila "ngo" usiihukumu haraka. Kwenye gari hizi kuna mpira unaoshika pua ya difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa tairi za nyuma) kwa mbele. Ukichanika, difu inanyanyua pua kila unapoondoka. Weka jeki na kipande cha mbao chini ya pua, nyanyua kidogo. Mpira ukiachana na chuma chake, umeshampata mwizi mmoja.

Kisha pandisha nyuma kwenye stendi (matofali hapana jamani), gia huru, handibreki chini. Shika pande mbili za krosi moja, zungusha huku na huku kwa kupingana. Krosi nzima haichezi hata chembe. Ziko nne, mbili kila shafti. Ukisikia "tk" ndogo ndani ya difu, hayo ni meno yake, si krosi.

Kushusha shafti ni bolti nne kila ncha. Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye flenji na kwenye vipande viwili vya shafti. Hizi shafti zinarefuka na kufupika kwa gololi zinazotembea kwenye mifereji ya ndani. Ukizichomoa ukarudisha zimegeuka, uma (vishikio vya krosi) za ncha mbili hazilingani tena, na gari litatetemeka hata krosi ziwe mpya. Gololi za shafti ya kushoto zibaki kushoto, za kulia kulia.

MekanikoLindi
Kuhusu kutoa: vaisi imara na soketi mbili zinatosha. Sugua kutu kwa brashi ya waya, hasa pale klipu (pete za chuma zinazozuia vikombe visitoke) zilipokaa. Gari za pwani yetu zinaota kutu ya chumvi humo, klipu haitoki mpaka uimwagie mafuta na kuisubiri usiku kucha. Toa klipu zote nne. Soketi ndogo kuliko kikombe (kofia ya beringi inayovaa ncha ya krosi) inasukuma upande mmoja, soketi kubwa inapokea kikombe upande wa pili. Kaza vaisi taratibu mpaka kikombe kichomoze, kishike kwa plaizi ukizungushe kitoke. Geuza, rudia.

Nyundo kwenye masikio ya uma ndiyo inayoua shafti. Sikio likipinda kidogo tu, vikombe viwili havitazamani sawasawa, na krosi mpya itakuwa ngumu upande mmoja, itaisha mapema.

Kabla ya kufunga, ingiza kikombe kipya kwa kidole. Kikiingia chenyewe bila kusukumwa, tundu la uma limekula. Usikubali kuchomelea wala kutia karatasi ya bati; tafuta shafti nyingine.

Spana Bovu
Na hizo za pikapu: zinaweza kufaa, zinaweza zisifae. Chukua venia (kipimo cha milimita), pima kipenyo cha kikombe na urefu kutoka mgongo wa kikombe hadi mgongo wa kikombe cha mkabala, andika pia klipu inakaa wapi. Tuma vipimo hivyo Kariakoo, mzigo uje na basi. Nusu milimita ikipungua, krosi itacheza siku hiyohiyo. Agiza na klipu za unene tofauti.

MekanikoLindi
Mimi ningechukua zenye nipo ya grisi (tundu la kupigia grisi). Maji ya chumvi na vumbi vinaingia, ukipiga grisi mpya uchafu unatoka kwenye sili. Nipo iangalie mahali bomba la grisi linafika, jaribu kabla hujafunga.

Spana Bovu
Hapo tunatofautiana. Isiyo na nipo haikutobolewa katikati, ni imara zaidi. Lakini kwa mtu anayekaa kando ya bahari na kukumbuka kupiga grisi, sawa.

Mikindani_Z
Asanteni. Mpira wa difu kweli umechanika, na krosi tatu zinacheza. Nimeanza kufunga, kikombe cha nne kimegoma, klipu haiingii kwenye mfereji wake. Imebaki kama milimita mbili. Nikaze zaidi?

MekanikoLindi
Usikaze! Sindano moja (kijiti kidogo cha beringi ndani ya kikombe) imelala chini ya kikombe. Toa, zihesabu, zilinganishe na kikombe kingine, zibandike kwenye ukuta wa ndani wa kikombe kwa grisi nzito. Safari hii sukuma krosi iingie ndani ya kikombe kwanza, iwe inazishikilia sindano, ndipo ubane vaisi. Klipu za mkabala ziwe unene mmoja ili krosi ikae katikati. Ukimaliza, gusa masikio kidogo kwa nyundo ya plastiki, kisha ikunje kwa mkono: ilainike pande zote bila kukwama.