Mkuu wa nyumba: sheria ibaki vile?

MTOTO WA KATUBA: Wandugu, Sheria ya Familia ya Kongo-Kinshasa yetu, ya 1987, ilirekebishwa 2016. Ile ruhusa ya bwana, ambayo mke alipaswa kuipata mbele ya kusaini kazi, ilitolewa. Lakini kifungu cha 444 kingali palepale: bwana ndiye mkuu wa nyumba. Kwetu kodi, unga na minervali ya shule vinalipwa na mama, kwa faida ya makala ya kupikia anayouza barabarani. Sasa ukuu huo ni wa nini?

PAPA KAMALONDO: Gari lina usukani mmoja. Mababu walijua. Tena mwanaume akisonga bukari, huo ugali wetu, ujue amerogwa.

MAMA WA KENIA: Mababu gani, Papa? Kijijini wake walilima. Mwanaume kuleta mshahara, bibi kukaa akishona vitambaa, hayo yalikuja na kambi za wafanyakazi wa Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabeleji, na zile foyer, vituo vilivyofundisha wake za wafanyakazi kushona na kupasi. Ni desturi ya Wabeleji, umeivalisha koti ya babu.

PAPA KAMALONDO: Usiguse kambi! Nimezaliwa kambini mimi. Poso, chakula cha kampuni, ilitoka: unga, samaki. Mama yangu hakuuza hata kiberiti.

MAMA WA KENIA: Na poso ilipokwisha, nani aliuza?

DEREVA WA RUASHI: Mie nimebaki kwa hilo la kurogwa. Kila Jumapili bibi yuko kwaya, nasonga bukari mwenyewe. Sufuria naibana kwa miguu, mwiko mikono miwili. Nani kaniroga?

YAYA BEL-AIR: Ruashi, unachanganya na muhogo ao mahindi peke?

DEREVA WA RUASHI: Nusu kwa nusu.

PAPA KAMALONDO: Hiyo ni gundi! Mahindi mengi, muhogo kidogo tu wa kuivutisha.

YAYA BEL-AIR: Umejuaje, nawe hupiki?

PAPA KAMALONDO: Nakula.

MTOTO WA KATUBA: Wazee, niliuliza 444. Tangu 2024 waziri mkuu ni mwanamke, Judith Suminwa. Yaani mwanamke aongoze serikali, lakini akiwa na bwana, kwa sheria nyumbani haongozi?

PAPA KAMALONDO: Serikali haina sufuria. Na muhogo wa nusu kwa nusu unavimbisha tumbo, muulizeni yeyote.

DEREVA WA RUASHI: Papa, Jumapili karibu Ruashi. Utaonja hiyo gundi.

PAPA KAMALONDO: Nitakuja. Lakini sahani aniletee bibi.

DEREVA WA RUASHI: Bibi yuko kwaya, Papa.