Uliyesomea haki za binadamu, ulipata kazi gani? Tupeane uzoefu, watu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Binti Kaptembwo (Nakuru):

Wadau, hamjambo. Mdogo wangu amehitimu mwezi uliopita, digrii ya haki za binadamu. Cheti alikiweka mezani kwa mama kikiwa bado kwenye bahasha ya kaki. Mama akavaa miwani, akakisoma polepole hadi chini, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa wewe ni wakili?" Mtoto akanitazama mimi, maana njia hiyo hiyo niliipita mwaka 2016.

Swali hilo nimeulizwa na majirani, na mashangazi, na hata karani wa benki. Wakili ni mtu mwenye shahada ya sheria, aliyepitia Kenya School of Law na kuapishwa. Sisi hatumo. Mwalimu ana TSC, tume ya kuajiri walimu, muuguzi ana baraza lake, lakini sisi hatuna mlango wenye jina letu, na vijana wanaomaliza sasa wanadhani walikosea kuchagua. Hawakukosea. Naomba kila aliyepita huko aseme kwa uwazi: kazi ya kwanza iliitwaje, uliipataje, na ulikaa muda gani bila mshahara. Naanza mimi.

Nilijitolea miezi minane kwa shirika dogo hapa mjini, napewa nauli tu. Siku moja nikaona tangazo la shamba la maua upande wa Naivasha, wanamtafuta "afisa wa ustawi wa wafanyakazi". Neno haki halikuwemo hata mara moja, na nusura nilipite. Rafiki yangu akaniambia achana na cheo, soma majukumu: kusimamia kamati ya jinsia, kupokea malalamiko, kuweka kumbukumbu ambazo wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo watazitaka. Hiyo ni Sheria ya Ajira ya 2007 tupu! Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Cha 29 kinampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa malipo kamili. Hayo nilikuwa nayo kichwani.

Kitu ambacho sikukijua ni grinhausi yenyewe. Mlangoni kuna kibao: dawa gani imepulizwa, saa ngapi, na watu wataruhusiwa kuingia tena saa ngapi. Wiki moja kabla ya tarehe 14 Februari, maua yanapotakiwa kama chakula, msimamizi aliwaambia akina mama waingie kuvuna, na kibao kinaonyesha bado zimesalia saa nne nzima. Nilisimama pale mlangoni na kalamu. Nikaandika saa, jina la dawa kama lilivyo kwenye lebo, na idadi ya akina mama waliokuwa wakisubiri na ndoo zao. Mmoja alikuwa mjamzito, amejifunga leso mdomoni. Hawakuingia mpaka muda ulipotimia. Karatasi ile niliipeleka kwenye kikao cha kamati, na ratiba ya kupuliza dawa ikahamishiwa jioni, baada ya wavunaji kutoka. Sijaondoka shambani mpaka leo.

Haya, karibuni.

Nyar Nyando (Kisumu):

Asante dada kwa kulianzisha. Mimi kazi ya kwanza iliitwa msaidizi wa ufuatiliaji na tathmini, kwenye mradi wa VVU na ukatili wa kijinsia. Excel nilijifunza usiku kwenye saiba pale Kondele, kwa sababu darasani tulisoma mikataba ya kimataifa mpaka ikatoka puani, lakini hakuna aliyetufundisha kujumlisha safu ya namba. Nilikaa miaka sita, na ilikuwa kazi nzuri.

Mwisho wa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, amri ya kusitisha kazi ikatufikia kwa barua pepe. Nilikuwa kituo cha afya, rejista iko wazi mezani, na mbele yangu ameketi mama aliyekuwa akisubiri nauli ya kwenda kutoa ushahidi mahakamani wiki ile. Nilimpa mia tatu zangu. Siku iliyofuata ofisi haikufunguliwa.

Vijana, huku kwetu sehemu kubwa ya kazi za haki ilibebwa na pesa za nje, hasa kwenye afya. Ukipewa mkataba, uliza pesa zinatoka wapi na zinaisha lini, usione haya. Sasa nafanya kazi za vipande vipande: wiki mbili nakusanya takwimu za watafiti, siku nne natafsiri fomu za ridhaa kwa Dholuo na Kiswahili, kisha mwezi mzima nakaa. Kaunti nimeomba mara mbili na nitaomba tena. Naandika haya kwa sababu sitaki mtoto wa mtu aje hapa akute hadithi za waliofaulu peke yake.

Mwana wa Cheptais (Bungoma):

Pole sana dada, na asante kwa kusema.

Mimi nilirudi nyumbani Mlima Elgon mwaka 2018, nikitafuta ushahidi wa utafiti wangu. Wengi mnakumbuka mapigano ya ardhi ya SLDF, lile kundi lenye silaha la huko mlimani, tangu 2006, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008. Wanaume walichukuliwa na pande zote mbili, na wapo ambao hawajaonekana hadi leo. Nilikuwa nimejiandaa na maswali marefu ya ukweli na maridhiano, niwaulize wake zao. Mama wa kwanza alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha mumewe, picha yake ndogo ya pasipoti, na karatasi ya mgao wa shamba. Akaniambia, "Shemeji anataka kuuza. Chifu anasema lete cheti cha kifo. Nikienda kutafuta cheti, naulizwa mwili uko wapi."

Karatasi ya maswali niliirudisha kwenye begi, na kazi yangu imekuwa hiyo tangu siku ile.

Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepata habari zake kama angekuwa hai, huchukuliwa kuwa amefariki mpaka ithibitike vingine. Lakini haijitokei yenyewe, lazima mahakama itoe amri. Kwa amri hiyo unapata cheti cha kifo. Kwa cheti, chifu anaandika barua ya kuwataja warithi. Ndipo ombi la mirathi linapelekwa mahakamani, linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mwenye pingamizi anapewa siku 30, hati ya usimamizi inatoka, na bado mnangoja miezi sita kabla haijathibitishwa na shamba kugawanywa. Mlolongo huo niliuandika kwa chaki kwenye ubao wa kanisa. Akina mama waliunakili nyuma ya vitabu vya nyimbo, na asiyejua kuandika alimtuma mjukuu.

Shida ilikuwa ushahidi. Miaka saba ilishapita zamani, lakini hakimu anataka kuona kwamba mlimtafuta. Namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, iko wapi? Wengi hawakwenda kituoni wakati ule, waliogopa, na mtu yeyote wa mlimani anaelewa kwa nini. Ikabidi tuchukue viapo vya ndugu, vya jirani aliyeona gari, vya katekista aliyefuta jina kwenye orodha ya jumuiya. Tukaripoti upya, tukatangaza gazetini. Mimi siwezi kusimama mbele ya hakimu kumsemea mtu, lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtambua msaidizi wa kisheria anayefanya kazi chini ya usimamizi wa wakili au shirika lililoidhinishwa. Nilizunguka ofisi za mawakili Bungoma mjini mpaka nikampata mmoja aliyekubali kusimamia mafaili bila ada.

Yule mama alipata amri yake baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Nilidhani siku ya kumkabidhi cheti ingekuwa ya vigelegele. Alikishika kwa mikono miwili, akaketi chini ya mparachichi, akalia mpaka jua likahama. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa karatasi ya serikali kumwambia kwamba mumewe amekufa. Mimi nilikuwa nimehesabu ekari, hilo sikulihesabu. Tangu hapo siendi kukabidhi cheti peke yangu. Naenda na dada wa mama, au mtu wa kanisani kwake, na siku hiyo sipangi kazi nyingine.

Mshahara: miaka miwili nililima vitunguu ili nile. Baadaye shirika moja la kidini likanipa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ambao umekuwa ukihuishwa.

Mulembe (Kakamega):

Mimi nilirudi kusoma sheria, miaka minne mingine, kisha Kenya School of Law na mafunzo ya uwakili. Ni gharama kubwa. Msiifuate kwa sababu ya swali la mama, ifuateni kama mnaipenda mahakama yenyewe.

Lile nililobeba kutoka digrii ya kwanza ni kifungu cha 22 cha Katiba. Mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo. Wapo mawakili waliohitimu vizuri tu ambao hawakumbuki sehemu ya ada.

Bondeni Mpaka Mwisho (Nakuru):

Kazi yangu iliitwa mwangalizi. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, tulikuwa tunazunguka vituo vya polisi usiku tukitafuta vijana waliokamatwa. Unafika kaunta, unasalimia kwa adabu, unaomba majina. Ukinyimwa, unakaa kwenye benchi. Tulishikilia kifungu cha 49 cha Katiba: mtu aambiwe kwa nini amekamatwa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa zimeangukia wikendi. Nilikuwa na daftari la shule la kurasa 96. Kila kijana: jina, umri, nguo aliyovaa, jeraha, namba ya simu ya mzazi. Nguo ni muhimu jamani, mzazi akipiga simu usiku wa manane huanza na nguo: "Alitoka na sweta ya kijani."

Baada ya miezi mitatu nilikuwa silali. Nikisikia honi ya pikipiki moyo unakwenda mbio. Chuoni hatukuwahi kufundishwa kwamba mtu anayeandika maumivu ya wengine huyabeba nyumbani. Kiongozi wetu alinipeleka kwa mshauri nasaha, na nikaona kazi ile ndiyo ninayoitaka. Nimesoma diploma ya ushauri nasaha, na sasa nawahudumia watetezi wenyewe, siku tatu kwa wiki, kwenye chumba cha kanisa tulichoazimwa. Mnaoanza, mtafuteni mtu wa kuongea naye kabla hamjavunjika.

Nimemaliza Juzi (Siaya):

Shikamooni wote. Nimesoma kila neno. Sina mtu ninayemjua ofisi yoyote. Kesho asubuhi nikiamka nianzie wapi?

Mulembe (Kakamega):

Marahaba. Nenda mahakama iliyo karibu nawe, uingie masjala, uulize kamati ya watumiaji wa mahakama inakutana lini. Hapo hukaa hakimu, polisi, magereza, afisa wa watoto, afisa wa probesheni na watu wa mashirika, wote meza moja. Omba ruhusa ya kuhudhuria na kuandika. Mwisho wa kikao mfuate afisa wa watoto au wa probesheni, mara nyingi wao ndio wenye mafaili mengi na mikono michache.

Binti Kaptembwo (Nakuru):

Na kama unalenga kazi ya serikali, anza sasa hivi kutafuta karatasi za sura ya sita ya Katiba, ile ya uadilifu: HELB (mkopo wa masomo), KRA (kodi), tume ya maadili, cheti cha polisi cha tabia njema, na ile ya kuonyesha hali yako ya mikopo. Watu hukosa nafasi kwa sababu tangazo linafungwa Ijumaa na karatasi moja bado haijatoka. Halafu andika ripoti moja ya kurasa mbili juu ya jambo uliloliona kwa macho yako huko Siaya, nitumie ujumbe, nitaisoma na kuirudisha ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Nimeahidi, na nitafanya.

Mwana wa Cheptais, nimezungumza na mdogo wangu kuhusu simu yetu ya jana. Amekubali kuja kujifunza kazi mezani kwenu mwezi mmoja, nauli nalipa mimi. Jumatatu anapanda matatu ya Bungoma ya saa kumi na mbili asubuhi. Mama amesoma hadithi yako ya yule mama wa mparachichi, tumemsomea mara mbili. Amefunga debe la viazi na blanketi, na ameandika jina lako kwenye karatasi kwa mkono wake ili mtoto asipotee stendi.