Naomba ushauri: binti abaki shule ya binafsi au aende ya serikali (Uingereza)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba mawazo ya wazazi mnaosomesha Uingereza, hasa mlioko mkoa wa Kent.

Binti yetu yuko mwaka wa tano, shule ya msingi ya binafsi. Tangu serikali ya chama cha Labour ilipoweka VAT ya asilimia 20 kwenye ada, Januari 2025, tunabanwa kwelikweli. Sisi ni wauguzi, si matajiri. Mume wangu anaiunga mkono sera hiyo: anasema shule hizi zina kama asilimia 7 tu ya wanafunzi wa England, lakini waliosoma huko ndio wamejaa mahakamani na serikalini, sasa kwa nini wasamehewe kodi? Sina cha kumjibu. Ila ada naifikiria kila mwezi.

Punguzo nimeomba, shule imekataa. Sekondari ya serikali ya jirani tumeitembelea; mimi moyo haujatulia, mume wangu ameipenda. Zimebaki sekondari zinazoitwa grammar, nazo ni za serikali na hazina ada, ila lazima mtoto afaulu mtihani wa Septemba mwanzoni mwa mwaka wa sita. Na huko nako wenye pesa wanaweka walimu wa tuisheni mapema. Haki iko wapi hapo?

Naomba kuuliza: kuna aliyemwandaa mtoto nyumbani bila tuisheni akafaulu, na mlianza lini? Pili, kwenye fomu ya kuomba sekondari inayofungwa 31 Oktoba, shule mlizipanga vipi ili akikosa grammar asitupwe mbali?