Jukwaa limerudi na rangi mpya, ila meseji zetu za inboksi anazo nani? Maadmini tujibuni

Wakuu salaam. Modereta naomba huu uzi msiuhamishie kule kwenye maoni na ushauri ambako nyuzi zinapelekwa kufia, uacheni hapa hapa mafundi wauone.

Jukwaa letu hili la mafundi simu lilizimwa, ukifungua unakuta kibao "tupo kwenye matengenezo", tukasubiri, sasa limerudi lina rangi mpya na tangazo la mistari miwili eti kulikuwa na "changamoto ya kiusalama", imeshughulikiwa, badilisheni paswedi, asanteni kwa uvumilivu wenu. Basi, ndo taarifa hiyo. Changamoto gani? Ilianza lini? Mdukuzi kaingilia wapi, kaondoka na nini? Kimya. Mdau mmoja kauliza pale chini kwa heshima zote komenti ikafutwa na tangazo likafungwa, yaani aliyeuliza ndo kawa mkosaji.

Sasa kwa wale wanaosema tunakuza mambo. Kuna fundi mwenzetu wa Mbeya (ID simtaji, akitaka atajitokeza mwenyewe) alikuwa anaongea inboksi na muuza spea wa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, wameshakubaliana bei na idadi, imebaki hela tu. Jukwaa likazima. Baadae ikamwingia SMS: "Fundi zile skrini zako za A12 zipo tayari, laini yangu inasumbua, ile hela tuma kwenye namba hii." Meseji za tuma kwenye namba hii tunazijua wote, siku hizi hata bibi kijijini anazifuta bila kusoma. Ila hii imetaja modeli, imetaja bei mpaka mia ya mwisho, na imemwita jina analotumia humu humu ndani. Nani asingeamini? Katuma. Mwenye duka kupigiwa simu anashangaa, skrini ziko palepale kwenye shelfu.

Hayo maongezi yalikuwa sehemu moja tu duniani, inboksi ya hapa. Na namba ya simu mlitulazimisha nyie kuiweka wakati wa kujiunga, mkasema ni kwa ajili ya kuhakiki akaunti, hatukuwaomba mtutunzie.

Kinachoniuma zaidi ni hili, wenzenu wakubwa yamewakuta na walisema. Ubuntu, hao wenye mfumo wa kompyuta ambao seva nyingi duniani zinautegemea, jukwaa lao lilidukuliwa Julai 2013, watumiaji milioni 1.82. Waliporudi hewani mwisho wa mwezi walieleza mchezo mzima mpaka unaona aibu kwa niaba yao: mdukuzi alipata akaunti ya modereta mwenye ruhusa ya kuweka matangazo, akaweka tangazo lenye msimbo mbaya (code) ndani yake, akawatumia maadmini meseji kwamba ukurasa wa matangazo una erori hebu angalieni, mmoja kafungua, kuki zake (vile vijifaili vya brauza vinavyokumbuka kwamba umeshaingia) zikaenda na maji, mdukuzi akawa admini. Paswedi zilikuwa zimefichwa kwa MD5 yenye salti, njia ya zamani, na hawakujificha, waliwaambia watu kabisa kama hiyo paswedi unaitumia na kwingine kaibadilishe huko pia. 2016 wakapigwa tena, safari hii kupitia plagini (kiongezi cha jukwaa) ya Forumrunner ambayo ilikuwa haijaapdetiwa, wakatangaza zimechukuliwa yuzaneimu, imeili na anwani za IP za watu milioni 2, kisha wakafuta seva wakazijenga upya kuanzia chini. Mwaka huo huo, Februari, Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta, nao waliibiwa database ya jukwaa na wakaorodhesha kilichoondoka, hadi meseji za siri za watu wakazitaja. Hao kampuni na wajitolea wenye jina la kulinda wameweza kusema "tumepigwa hapa na hapa". Nyie mna jina gani la kulinda mpaka mshindwe?

Na kuki nimezitaja kwa sababu. Baada ya jukwaa kurudi nimechukua simu yangu ya zamani iliyokuwa droo ya ofisini, nimewasha, nimefungua jukwaa, limeniingiza moja kwa moja kwenye akaunti bila kuniuliza paswedi wala nini. Wakati kwenye simu ya sasa nilishabadilisha paswedi! Maana yake seshoni za zamani, yaani ruhusa za walioshaingia, hamkuziua. Kwahiyo kama jamaa aliiba kuki za watu bado yumo ndani anasoma huu uzi, karibu kaka, chai ipo. Hicho ni kitu cha kwanza kabisa cha kufanya, unawatoa watu wote nje halafu kila mtu aingie upya. Nyie mmebadilisha rangi ya juu kutoka bluu kuwa kijani.

Alafu hiyo linki ya kubadilisha paswedi inaenda kwenye imeili, sawa, lakini wakongwe wengi walijiunga enzi zile na imeili za kazini au za yahoo ambazo hawazifungui tena. Hao wamefungiwa nje na hakuna pa kuomba msaada maana fomu ya msaada inakutaka uingie kwanza. Wale wazee wa Luthuli Avenue Nairobi waliokuwa wanatufundisha kutengeneza boardi za simu bure sioni hata mmoja tangu turudi.

Bakapu ndo usiseme. Mmerudisha nakala ya zamani, nyuzi za karibuni hazipo, na zilizobaki picha zimekufa. Ule uzi maarufu wa kutafuta shoti kwa moshi wa rozini (ule utomvu mkavu wa kulehemu), pale jamaa anapofukiza boardi nzima ikawa nyeupe, anaingiza umeme kidogo kwenye laini, halafu ile kapasita moja mbovu inachemka na kuyeyusha weupe juu yake unaiona kwa macho, sasa hivi yamebaki maandishi "angalia picha ya 3" na chini yake kiboksi kitupu. Uzi wa aina hiyo bila picha mfundishe nani? Picha mlikuwa hamzichukulii bakapu au zipo mahali mmesahau kuzirudisha? Hata hilo kulijibu kazi?

Na hata hiyo bakapu yenyewe mna uhakika ni safi? Kama mtu aliingia kimya miezi kadhaa nyuma akapandikiza faili lake kwenye folda ya picha, mkirudisha mafaili yote kama yalivyo mnamrudisha na yeye. Ndo maana watu wanasoma logi (kumbukumbu za seva) kwanza wajue kaingia lini, kisha programu inawekwa mpya kabisa na paswedi za database na za maadmini zinabadilishwa zote. Mlifanya? Semeni tu ndiyo au hapana.

Najua watakuja wale wa "huduma ni ya bure mnalalamika nini". Bure kitu gani na matangazo ya betri feki tunaangalia kila tukifungua ukurasa? Halafu sheria haiangalii bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika hapa Tanzania tangu Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu zikivuja anatakiwa aitaarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa Wakenya tulionao humu, sheria yao ya 2019 inampa anayetunza taarifa za watu saa 72 tangu ajue zimevuja kumjulisha Kamishna wa Data. Mmeijulisha Tume? Maana sisi wenye namba zetu ndo hatujajulishwa chochote.

Kwahiyo maadmini: zimetoka inboksi au hazijatoka? Namba za simu je? Paswedi mlizihifadhi kwa mfumo gani? Ueni seshoni zote leo, sio kesho, hiyo haihitaji kikao. Na SMS aliyotumiwa fundi wa Mbeya ninayo pamoja na namba iliyopokea hela, semeni niilete wapi, ila inboksi ya humu siandiki kitu.

Nyie wengine mpaka wajibu, mkitaka kutumiana hela ya mzigo pigianeni simu kwa ile namba mliyoizoea na msikie sauti kwanza.