Ushauri: Tumshawishije muuzaji wa programu ya maabara atoe toleo la Linux?

Mwanamkonge (Tanga):
Wakuu, habari za muda huu.

Nafanya kazi kwenye maabara ya udongo hapa Tanga. Sampuli zetu nyingi zinatoka mashamba ya mkonge upande wa Muheza na Korogwe. Tuna mashine inayopima udongo kwa mwanga wa infraredi, na programu ya kuchambua spektra zake (mikunjo inayoonyesha udongo umerudisha mwanga kiasi gani) tunailipia leseni kila mwaka. Kwa ubora sina ugomvi nayo hata kidogo. Tatizo ni kwamba inakubali Windows peke yake.

Mnajua Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ambayo kompyuta zetu nyingi hazina. Kompyuta zenyewe ni nzima kabisa! Za ofisini tumeshazihamishia Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, mfumo endeshi wa bure, na kazi zinakwenda. Zilizokwama ni za uchambuzi, kwa sababu ya programu hiyo moja. Inaniuma kuona taasisi inatafuta hela ya kununua kompyuta mpya wakati hela ya kemikali yenyewe ni ya kubanabana.

Nilimwandikia wakala wa hiyo kampuni, akanijibu kwamba soko halina uhitaji wa Linux. Sasa wakuu, mteja mdogo wa Tanga anaanzia wapi kuishawishi kampuni ya nje? Nawasilisha.

Kijana wa Chumbageni:
Dada, kwa nini uwabembeleze? Hamia R, programu ya takwimu, ni ya bure. Ina vifurushi vya nyongeza: pls kwa ajili ya modeli (hesabu za kukadiria kilichomo kwenye udongo kutokana na spektra) na prospectr kwa kusafisha spektra. Ramani fanya kwa QGIS. Hiyo hela ya leseni nunueni kemikali.

Mwanamkonge:
Ndugu yangu, R naitumia na naipenda. Ila modeli zetu za kukadiria kaboni na naitrojeni zimejengwa kwa miaka mingi, na zimehifadhiwa kwenye faili za muundo wa kampuni hiyo ambazo R haizifungui. Kuzijenga upya kunataka kurudia vipimo vya kemikali vya Walkley-Black (kaboni) na Kjeldahl (naitrojeni) kwa mamia ya sampuli za rejea, na nyingine udongo wake umeshaisha. Ndiyo maana naona bora kwanza kampuni ikubali kututolea toleo la Linux.

Mzee wa Pongwe:
Binti, niliwahi kufanya kazi upande wa wauzaji wa programu za kihandisi, basi nikueleze wanavyowaza.

Inaponunua leseni ya programu ya Windows, maabara kama yenu inaandikwa kwenye vitabu kuwa ni mteja wa Windows. Hata ukiiendesha juu ya Linux kwa kutumia Wine (zana ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux), kwao wewe bado ni mteja wa Windows. Kwa hiyo wakala hakukudanganya. Hesabu zake kweli zinaonyesha sifuri, kwa sababu hakuna mahali mtu anaweza kuhesabiwa. Kazi ya kwanza ni kuwafanya muonekane.

Pili, ujue gharama inayowatisha. Kukokotoa kwenyewe si kazi kubwa. Hesabu ni hesabu, kwenye mfumo wowote. Kazi iko kwenye madirisha na menyu, hasa kama walizijenga kwa zana za Windows tupu, halafu kwenye kifaa cha leseni cha kuchomeka USB, na kwenye draiva, yaani programu ndogo inayounganisha kompyuta na mashine. Juu ya yote hayo kuna huduma kwa wateja: kila toleo la Linux wanalolitaja (Ubuntu, Debian na mengine) wanatakiwa kulijaribu na kulipokelea simu. Mteja akiandika "tunaomba Linux", wao wanasoma matoleo mia, na barua inaishia hapo.

Kwa hiyo omba kitu kidogo chenye mipaka. Taja toleo moja, kwa mfano Ubuntu LTS (ile inayohudumiwa kwa miaka mingi) mnayotumia. Omba sehemu ya kukokotoa tu, ya kuendesha kwa amri bila madirisha. Mashine ya kupimia iache kwenye kompyuta moja ya Windows isiyounganishwa na intaneti, uchambuzi ufanyike kwingine. ArcGIS, programu ya ramani, ni mfano mzuri: ArcGIS Pro ya mezani ni ya Windows tu mpaka leo, lakini upande wa seva unakwenda kwenye Linux. Programu za kulipia za hesabu, takwimu na uhandisi kama MATLAB, Mathematica, Stata na COMSOL zote zina toleo la Linux. Usikubali kuambiwa haiwezekani kibiashara.

Beastie_TZ:
Shikamoo mzee. Naongeza kidogo. Waombeni waijenge (waikompaili) kwenye toleo la Linux la zamani kabisa wanalolihudumia, kwa sababu programu iliyojengwa kwa glibc (maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huitegemea) ya zamani kwa kawaida inakwenda kwenye mpya, ila ya mpya haikubali kurudi nyuma. Kwa hatua hiyo tu wanafikia matoleo mengi bila kazi ya ziada.

Na sisi wa FreeBSD, mfumo mwingine wa bure unaofanana na Linux, tusiombe toleo letu kwanza. FreeBSD ina tabaka la kuendesha programu za Linux, kwa hiyo Linux ikipatikana, na sisi tuna pa kuanzia. Tukigawana maombi, kila kundi litaonekana dogo.

Bi Takwimu:
Kuna mlango wengi mnaupita bila kuugusa: zabuni. Taasisi za umma zinanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na sifa za kiufundi anaziandika mtumiaji, yaani nyinyi wa maabara. Msitaje chapa, andikeni kazi inayotakiwa: "iweze kufanya uchambuzi kwenye Linux, na iweze kutoa modeli na data katika muundo wa wazi." Sharti la pili kwangu ni zito kuliko la kwanza. Modeli zikitolewa kama faili za CSV (majedwali ya maandishi yanayofunguka kwenye programu nyingi), muuzaji hawezi tena kuwashika hata akiwakatalia Linux.

Mwanamkonge:
Mungu awabariki. Nimeandika rasimu, naomba mnikosoe:

*"Sisi ni wateja wa leseni ya mwaka, na inaisha mwezi wa sita. Kompyuta zetu za uchambuzi zinahamia Ubuntu LTS. Tunaomba sehemu ya kukokotoa ya programu yenu iendeshwe huko kwa amri, bila madirisha. Hatuombi msimbo chanzo, wala hatuombi bei ipungue. Tuko tayari kulijaribu toleo la majaribio kwa spektra zetu, tulinganishe majibu na ya Windows, na kuwaandikia kila hitilafu. Tunaamini sayansi ya umma inapaswa kufanywa kwa programu huru."*

Mzee wa Pongwe:
Umeandika vizuri. Toa sentensi ya mwisho. Naiamini kama wewe, lakini mpokeaji ataona unamwambia biashara yake haifai. Weka namba ya leseni, msaidie aone kwamba wewe ni mteja halisi. Na usimpelekee wakala, maana yeye kamisheni yake ni ya kilichopo sokoni. Tafuta msimamizi wa bidhaa kwenye kampuni yenyewe. Barua ifike kabla hamjalipia leseni upya. Mkishalipa, mmeshapoteza nguvu.

Pale kwenye kulinganisha majibu, paongezee uzito. Mteja anayejitolea kuwakagulia usahihi anawapunguzia gharama ileile inayowatisha.

Kijana wa Chumbageni:
Nimeelewa sasa, dada. Wakikataa je?

Mwanamkonge:
Wakikataa, tutawaomba waijaribu rasmi kwenye Wine na waandike kwenye mkataba kwamba wanaihudumia hapo. Huku nyuma nimeshaanza kutunza gramu chache za kila sampuli mpya inayopimwa kwa kemikali, ili siku ya kujenga modeli kwenye R isitukute mikono mitupu. Kwa sasa ninachotafuta ni maabara nyingine zinazotumia programu ya spektra yenye hali kama hii, tutie saini pamoja.

Udongo_Moro:
Tupo Morogoro, kama mashine yenu ni ya aina moja na yetu basi programu ni hiyohiyo, na leseni yetu inaisha mwezi wa nane. Nitumie rasimu inboksi nimpelekee mkuu wa maabara kesho asubuhi. Ila sisi tuko Debian, uulize kama wataikubali pamoja na Ubuntu.