Jumapili nafundisha Kutoka 20, nimekwama

Mchungwa78: Wakuu, habari za jioni. Nimepangiwa kufundisha Amri Kumi darasa la Biblia. Mzee wa kanisa anataka nianzie mstari wa 2, pale Mungu anapojitaja kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Mimi nataka nirukie wa 3. Kuna ubaya? Usingizi sipati.

Kokoto: Ubaya upo. Wayahudi huo mstari wa 2 ndio wanaouhesabu neno la kwanza katika yale kumi. Walitolewa kwanza, Sinai wakafika mwezi wa tatu. Ukiuruka unabaki na masharti ya baba mwenye nyumba.

Bi Mwanga: Babu yangu alitukaririsha zote kwa fimbo. Ile ya kuheshimu wazazi tulirudia mara mbili.

Kokoto: Mkuu, mstari mmoja haukoseshi mtu usingizi. Funguka.

Mchungwa78: Haya. Nikigusa Misri, mzee atatupeleka Kumbukumbu la Torati 24, namjua. Darasani kuna mama nilimkopesha laki mbili. Cherehani yake iko sebuleni kwangu. Ila tuliandikishana, na aliileta mwenyewe.

Kokoto: Kumbe! Mstari wa 6: jiwe la kusagia haliwekwi rehani, maana ni uhai wa mtu. Nguo ya maskini nayo inarudi jua likizama. Na wa 18 unamalizia: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri.

Mchungwa78: Imeandikwa jiwe, siyo cherehani. Na naitunza, naifunika kanga. Sketi ya shule aliyokuwa anashona bado imebanwa pale pale kwenye sindano, sijaigusa.

Bi Mwanga: Sketi ya mtoto wa nani? Anavaa nini shuleni?

Kiberiti: Chai hii, tena ya tangawizi. Mwaka jana ulileta uzi wewe Msabato, unanyimwa ruhusa kazini Jumamosi. Leo mwalimu wa Jumapili?

Mchungwa78: Nilihama.

Kokoto: Na Kumbukumbu la Torati 5 inasema mtumwa wako naye apumzike Sabato, kwa sababu ulikuwa mtumwa Misri. Kila Misri ikitajwa wewe unahama.

Kiberiti: 😂😂

Bi Mwanga: Chai au si chai, mimi sijajibiwa habari ya sketi.

Dalali_Mstaafu: Cherehani ni ya umeme au ya kukanyaga?

Mchungwa78: Ya kukanyaga. Lakini siuzi.