Nimchague nani kuwa mbia wangu katika uchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Busia?

Mwalimu wa Mpakani

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka minne nimejinyima hadi nikaweka akiba ya shilingi milioni sita, ambazo ningependa kuziingiza katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Kazi yenyewe siijui, kwa hiyo ni lazima nipate mbia, na waliojitokeza ni wawili. Wa kwanza ni shemeji yangu, ambaye amechimba dhahabu Tiira, hapa hapa Busia, tangu ujana wake na anautambua mwamba wenye dhahabu kwa macho tu, lakini hana karatasi yoyote na hajawahi kuweka hesabu za maandishi. Wa pili ni bwana niliyekutana naye Kampala, mwenye ofisi na gari, ambaye anasema ana leseni ya eneo huko Namayingo na ananitaka nikabidhi fedha zote kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa yuko mtu mwingine anayeingoja nafasi hiyo. Alinionyesha chembe za dhahabu ndani ya chupa ya dawa ya macho na nakala ya leseni. Naomba mnishauri: ni mambo gani yatakayonionyesha kwamba mtu huyu au yule anaaminika?

Karani Mstaafu, Tororo

Mwalimu, anza na karatasi, kwa sababu hilo ndilo jambo unaloweza kulihakikisha bila kumtegemea yeyote kati ya hao wawili. Katiba yetu, ibara ya 244, imeweka madini yote mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri, kwa hiyo hata mwenye shamba hawezi kumpa mtu ruhusa ya kuchimba dhahabu iliyo chini ya mihogo yake. Ruhusa hutolewa kwa leseni, na tangu Sheria ya Madini ya 2022 ipo leseni ya wachimbaji wadogo wadogo kabisa, ambayo imetengwa kwa ajili ya raia wa Uganda. Usiridhike na nakala. Chukua namba ya leseni uitafute katika ramani ya leseni iliyoko kwenye intaneti, au uende mwenyewe Entebbe, kwenye Kurugenzi ya Utafiti wa Jiolojia na Madini, uulize jina la mwenye leseni, aina yake, tarehe ya kwisha na mipaka ya eneo. Aina ya leseni ni jambo zito, kwa maana leseni ya kutafuta madini haimpi mtu haki ya kuchimba na kuuza, na wengi huionyesha wakijua kwamba mgeni hatatofautisha. Kisha nenda Namayingo ukasimame katika eneo lenyewe, umtafute mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umuulize kama anamfahamu bwana huyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea Mubende. Agosti 2017 jeshi na polisi waliwaondoa maelfu ya wachimbaji katika machimbo ya huko, na watu waliokuwa wameweka akiba zao katika pampu na vinu walitoka na nguo walizovaa. Wengi walikuwa wachapakazi waaminifu, lakini uaminifu wao haukuwakinga, kwa kuwa haki ya kuchimba eneo lile haikuwa yao.

Kuhusu kuharakishwa, mimi ningeachana na bwana huyo kwa sababu hiyo peke yake. Mwamba uliokaa ardhini tangu kuumbwa kwa dunia hauwezi kukimbia kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama Karai

Mzee ameeleza vizuri habari za ofisini, nami nitaeleza ya kazini, kwa kuwa nimeosha dhahabu kwa miaka kumi na moja na nimeibiwa na mtu mwenye leseni halali.

Tulikubaliana kugawana nusu kwa nusu. Tulitoa mifuko arobaini ya mawe, kila mmoja kilo hamsini, tukayapeleka kwenye kinu. Siku ya kusaga nilikaa pale tangu asubuhi, nikatoka mara moja tu kuwanunulia vibarua chapati. Niliporudi nilimkuta mbia wangu amepiga magoti, mkono mmoja umeingia ndani ya kinu, akipangusa kuta zake kwa brashi ya viatu, na vumbi lile akilikusanya katika kopo lake, si katika karai letu. Dhahabu ni nzito mno, mara kumi na tisa kuliko maji, kwa hiyo hujibanza katika kila pembe na kila ufa, na anayesafisha kinu peke yake hupata sehemu ambayo haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Siku hiyo tuligawana gramu saba.

Hasara kubwa zaidi niliijua baadaye. Zebaki tunayochanganya na mawe yaliyosagwa ili ishikamane na dhahabu haikamati dhahabu yote, na mara nyingi zaidi ya nusu hubaki katika mchanga uliokwisha kuoshwa, yaani marudio. Mkataba wetu haukuwa na neno hata moja kuhusu marudio, naye akayauza kwa watu wenye matangi ya sianidi, kemikali inayotoa dhahabu iliyobaki. Mwalimu, mwulize kila mmoja wa wabia wako swali hili kabla ya lolote lingine: marudio ni ya nani? Anayetaka haki atakujibu papo hapo. Anayekwambia kwamba huo ni uchafu usio na thamani anakudanganya, au kazi haijui.

Piga hesabu pia kabla ya kuamini ahadi. Mwamba wenye gramu kumi kwa tani ni mwamba mzuri, lakini mfuko wa kilo hamsini wa mwamba huo una nusu gramu tu, hata kama hakuna kinachopotea. Akikuahidi gramu tano kwa kila mfuko, mwambie akuonyeshe mfuko mmoja ukisagwa mbele yako, na mfuko huo uuchague wewe. Chembe za kwenye chupa hazithibitishi kitu, kwa sababu hazisemi zimetoka wapi.

Tena mtazame anavyochoma zebaki ili ibaki dhahabu peke yake. Moshi wake huharibu ubongo na figo, na watoto ndio huumia zaidi. Mwanamume anayeichoma kwenye jiko la mkewe, mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake, mimi sishirikiani naye hata awe na ujuzi gani.

Mwenye Shamba

Naongeza moja tu. Mkataba na mwenye ardhi utiwe saini pia na mke au mume wake, kwa sababu Sheria ya Ardhi inadai ridhaa ya mwenzi wa ndoa katika ardhi ambayo familia inaishi na kuitegemea. Ndugu yangu aliliruka jambo hilo, na mama mwenye nyumba akaja shimoni na wanawe wakati kazi imefika mita nane.

Mwalimu wa Mpakani

Nawashukuru sana. Jana nilimpigia simu bwana wa Kampala nikamwomba namba ya leseni na siku ya kwenda Namayingo pamoja. Alisema namba ni siri ya kampuni, kisha akapunguza kiasi anachotaka hadi milioni nne. Shemeji nilimwuliza habari za marudio, naye alicheka, akasema kwao Tiira hugawanywa kwa ndoo, palepale penye kuoshea. Hata hivyo leseni hana, na kumwandikia mkataba mume wa dada yangu naona kama kumwambia kwamba simwamini.

Mama Karai

Mwandikie, mwanangu, na dada yako awe shahidi wa kwanza, kwani kukiwa na ugomvi yeye ndiye atakayeumia pande zote mbili. Kuhusu leseni, muulizeni mzee wa Tororo jinsi wachimbaji wanavyojiunga katika chama na kuomba kwa pamoja, na shimo lisifunguliwe kabla haijapatikana. Leseni ikishatoka, usitoe milioni sita. Toa gharama ya mifuko ishirini, ukae nayo kutoka shimoni hadi kwenye mizani, na daftari liwe mkononi mwako. Nunua mizani yako mwenyewe, na kila mnapokwenda kwa mnunuzi mpime kwanza nyumbani.

Karani Mstaafu, Tororo

Njoo Jumamosi, Mwalimu, uje na shemeji yako na vitambulisho vyenu vya taifa. Nitawaandikia barua ya maombi.